Koromeo la Bi Siwema

Siku Mwewe ilipoachiwa, Tanga ilishuhudia watu wazima wakipapasa kuta mchana kweupe. Walikuwa wamevaa miwani ya michezo ya kompyuta, kila mmoja yuko ndani ya nyumba ya kubuni akikimbia kusutwa, mara nyumba ikazimika. Mmoja alijigonga kwenye mlango wa kinyozi. Mwingine alikaa chini katikati ya barabara, akimtukana mtu asiyemjua. Dirishani mwa karakana yake ghorofani, Mwantumu Shekiondo aliwatazama akacheka mpaka akashika mbavu, maana aliyewazimia ni yeye.

Mwewe ilikuwa akili unde ya kampuni ya Ngao Safi, na watunzi wadogo wa michezo waliochoka kuibiwa waliikodi. Ilinusishwa kazi halisi, ikajifunza sauti, rangi na mwendo wake, kisha ikapita katika kila mashine iliyounganishwa na mtandao na kufuta chochote kilichofanana nayo. Chenye muhuri wa mwenye mali kilisalimika. Kisicho na muhuri kilihesabiwa cha wizi, na Mwewe haikubisha hodi wala kuuliza.

Mwantumu alikuwa na haki ya kukasirika, hilo tusimnyime. Yeye na mwenzake Hoza walikesha miaka kuutunga mchezo wao, Mlangoni. Mchezaji amemzulia jirani uongo, na lazima aukanushe kabla wanawake wa mtaa hawajafika mlangoni kwake na ngoma na kanga za sare kumsuta hadharani. Mchezo haujapoa sokoni, jamaa mmoja wa Ngamiani aitwaye Pweza akavunja kufuli lake na kuusambaza. Tena akapachika mbwembwe zake juu ya nyimbo zote: kila mwimbaji alipopumua, ilisikika sauti nene ikisema, "Kwa Pweza, vyote vipo." Aliichanganya ndani kabisa ya sauti ya uimbaji, ili wezi wenzake wasiweze kuitoa. Na hao waliocheza bure walikuwa na uso wa kumwandikia Mwantumu kumlaumu, eti huyo Pweza anawakera, amwondoe.

Ngao Safi walimpa nafasi ya kuchagua: Mwewe ifute nakala za mchezo peke yake, au ifute kila chenye asili moja nao. Hoza alimsihi achague nakala.

"Hiyo ya pili hatujui inaishia wapi," alimwambia.

"Iishie kooni kwa huyo Pweza," Mwantumu akajibu, akachagua ya pili.

Alasiri alitoka kwenda Chumbageni kumpa shangazi yake habari njema. Bi Siwema ndiye aliyeuimbia mchezo ule. Alikuwa kiongozi wa misuto aliyeogopwa Tanga nzima. Ukisikia sauti yake barazani kwako, ulijua umekwisha. Baada ya kurekodi aliugua koo, madaktari wakaliondoa zoloto lake, kiungo cha sauti, na kumwekea koromeo la umeme lililounganishwa na mtandao wa hospitali. Koromeo hilo lilisoma misuli ya shingo na kuyasema maneno anayoyakusudia, kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa lilijifunza kutokana na zile rekodi za karakana. Bi Siwema aliporudi kuwasuta watu kwa sauti yake ile ile, mtaa mzima ulipiga vigelegele, isipokuwa waliokuwa na la kuficha.

Mwantumu aliwakuta wanawake wa kikundi cha misuto wamekaa barazani. Hakuna aliyemsogezea mkeka.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Siwema alifungua kinywa. Ikatoka sauti laini ya mwanamke asiyejulikana, yenye adabu ya ofisini.

"Sauti hii imeondolewa kwa ombi la mwenye mali, Mwantumu Shekiondo. Asante kwa uvumilivu wako."

Bi Siwema alijaribu tena, mishipa ya shingo imemsimama. Koromeo likarudia tangazo lile lile, jina lile lile. Lilikuwa likilirudia tangu asubuhi: alipomwita mjukuu wake, alipoomba maji, alipoanza kusali kwa sauti. Akafumba kinywa, akamtazama Mwantumu, na Mwantumu akaona heri angepigwa kibao.

Alikimbia kurudi karakanani. Aliondoa ombi lake, Mwewe ikatulia, lakini Ngao Safi wakamjibu kwamba kilichofutwa hakirudi. Alete rekodi za asili. Hakukuwa na rekodi za asili. Yeye na Hoza walikuwa wameupiga muhuri mchezo uliokamilika tu, wakazisahau zile mbichi, na Mwewe ilizifuta humo humo karakanani, ikafuta na akiba ya hospitali. Mchezo wenye muhuri ulibaki, ila kufuli la Ngao Safi halikuruhusu mtu kunyofoa sauti ndani yake, hata aliyeutunga.

Kila mmoja alijua jina ambalo mwenzake halitaji. Mwishowe Hoza akalitaja.

Pweza aliweka mashine yake kuu mbali na mtandao, kwa sababu hakumwamini mtu. Dukani kwake Ngamiani kulikuwa na foleni ya waliozimikiwa asubuhi, wakidai nakala mpya. Alimwona Mwantumu, akamtambua, akamwacha asimame nyuma ya wote. Zamu yake ilipofika, alimtaka aseme shida yake kwa sauti wateja wasikie.

"Nataka nakala ya Mlangoni," Mwantumu alisema. Alimchukia mtu huyu.

"Wa nani huo?"

"Wangu."

"Asubuhi ulikuwa wako. Ukaituma Mwewe yako inipofulie wateja." Alichomeka kijiti cha kumbukumbu, akanakili polepole kwa makusudi. "Sasa usio na kufuli uko kwangu tu."

Mwantumu alimweleza habari za shangazi. Alimwomba, na neno hilo lilimchoma, amtolee sauti safi isiyo na mbwembwe. Pweza alitikisa kichwa. Hakuwa na sauti safi. Alipopachika jina lake hakubakiza ile ya awali.

"Haitoki," alisema. "Ingekuwa inatoka ungeshaitoa wewe. Lipa, wenzako wanangoja."

Alilipa kama mteja yeyote.

Fundi wa hospitali alikwangua alichoweza, akalilisha koromeo. Alionya kwamba koromeo hujifunza mtu anavyosema kwa jumla, pumzi zake na vituo vyake, na kwamba limejifunza pia namna mwanamke huyu anavyomaliza kila pumzi katika nakala ile. Bi Siwema aliandika kwa kidole kiganjani mwa fundi: liwashwe. Kisha akaagiza apelekwe nyumbani, na kikundi kizima kiitwe.

Walikuja wamevaa kanga za sare. Mwantumu aliziona, akajua ni za nini. Mwenyewe alikuwa amezichora uzi kwa uzi kwa ajili ya mchezo. Hakukimbia. Alisimama uani, viatu mkononi.

Bi Siwema alifungua kinywa, na sauti ikawa yake, kali na pana, ile ile iliyowahi kuzifunga biashara za waongo. Baadhi ya wanawake walifuta machozi. Mwantumu naye alilia waziwazi.

"Mwantumu, mwana wa kaka yangu. Kwa Pweza, vyote vipo."

Hakuna aliyecheka. Bi Siwema alifumba macho kidogo, akaendelea.

"Nilikupa sauti yangu uichezee. Sikukupa uimiliki. Kwa Pweza, vyote vipo. Umenifuta mimi ili umkomeshe yeye, na sasa ninamtangaza kila nikipumua, nitamtangaza mpaka kaburini. Kwa Pweza, vyote vipo."

Mwantumu alifungua mdomo aombe radhi. Shangazi yake aliinua mkono.

"Toka kwangu," alisema, na wanawake wakaanza kupiga ngoma taratibu wakingoja amalizie, maana wote walijua bado kuna neno moja.