Yule Aliyekatiwa Uzi

Mukhwana wa mtaa wa Nyalenda, fundi wa mabomba, hakuwa mtu wa ziwa. Kwao Bungoma maji ni ya mto. Unakunja suruali, unavuka. Lakini Frankline alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na Frankline alikuwa amerudi kutoka Mlima Kenya, alikokuwa akihudumia watalii wanaovua samaki aina ya trauti. Alirudi na ufito mrefu mwembamba wa kuvulia na wadudu wa bandia wa kuficha ndoano, aliowafunga mwenyewe kwa manyoya ya jogoo. Sasa alitaka kuona kama ngege, samaki wa ziwa la kwao, nao watadanganyika.

Basi Jumamosi moja ya Julai, baada ya chakula cha mchana, wakatoka ufukwe wa Dunga kwa mtumbwi wa kuazima. Baridi ilikuwa ile inayowatolesha watu wa Kisumu masweta sandukuni, na mawingu yalikuwa yamekula nusu ya mchana. Mukhwana alikaa mbele, Frankline nyuma.

"Omera, ndugu yangu, unapiga kasia kama unasonga ugali!" Frankline alimcheka.

Kando ya mafunjo akarusha mdudu wa njano. Ndoano ikanasa. Wakavuta, wakavuta. Kikaja kisogo cha mtu, kisha sweta nyekundu. Mdudu wa njano alikuwa amezama begani mwake.

Frankline akavua kofia. Watu wa pale wanajua: maiti ikikukuta unavua, huiachi. Unaifunga kwenye mtumbwi, unaivuta polepole hadi ufukweni, unaita watu. Hata kama una haraka. Hata kama humjui.

"Nipe kamba," akanong'ona. "Amekuja kwetu. Tumpeleke nyumbani."

"Na polisi je? Si tutalala ndani!"

"Mukhwana, ukimkataa huyu, atachukua nafasi ya mmoja wetu."

Jamani, woga ni kitu kibaya. Frankline hajafunga mdomo, mwenzake ameshatoa kisu cha kazi na kukata uzi. Sweta nyekundu ikazama taratibu.

Wakageuza. Mukhwana hakuthubutu kuangalia nyuma. Alisikia tu kasia la mwenzake. Chubwi. Chubwi.

"Umekasirika?"

Chubwi.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Chubwi. Akajiambia amenuna tu, kesho yataisha.

Ufukweni Mama Benta, muuza samaki, alikuwa akipara ngege. Akainua macho, mikono ikasimama.

"Baba Naswa," akamwambia Mukhwana kwa sauti ya chini, "ulitoka na Frankline. Huyo uliyerudi naye ni nani?"

Mukhwana akageuka. Hakukuwa na mtu. Ubao wa nyuma ulikuwa umelowa chapachapa, na kasia limelazwa juu yake vizuri.

Frankline alipatikana siku ya tatu kwenye mafunjo. Mwenye sweta nyekundu hakuonekana kabisa, wala hakuna familia iliyosema imepotelewa na mtu. Mukhwana alilia matangani mpaka sauti ikamkauka, lakini habari ya kisu hakumwambia mtu ila mkewe, Lorine.

Wiki moja baada ya mazishi, jioni, Lorine alikuwa akimmiminia chai.

"Baba Naswa, ni nini hiyo begani?"

Ni mdudu wa njano. Ndoano ilikuwa imepita shati, imeingia nyamani, na hakuhisi kitu. Uzi wake ulikuwa umelowa. Ulipita juu ya meza. Ukapita chini ya mlango. Ulikuwa umekaza, umeelekea Dunga.

Lorine akashika kisu.

"Usikate!" Mukhwana akanong'ona. "Nilishakata mara moja."

Uzi ukavutwa kidogo. Akasimama. Akachukua kamba iliyokuwa nyuma ya mlango, akatoka.

Asubuhi Mama Benta alimkuta mwenye sweta nyekundu amelazwa mchangani, kamba kiunoni, uso umefunikwa kwa shati la Mukhwana. Mukhwana mwenyewe hajaonekana hadi leo.

Majirani wanamsema Lorine kwa kulala bila kufunga mlango, na Nyalenda wezi ni wengi. Yeye haufungi. Anajua sasa kwamba anayekuja kwako hakataliwi. Kila asubuhi anakuta kiti cha mumewe kimelowa maji ya ziwa. Anakipangusa, anamwekea chai.