Mbuzi wa Ntheo na Mto Uliojaa Jua Likiwaka

Mvua za Novemba mwaka wa 1978 zilikuwa zimeanza milimani, lakini huku chini karibu na Kasikeu ardhi ilikuwa bado kavu. Mumbua aliamka alfajiri, kama kila siku, akateremka mtoni na debe lake. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mweupe na mpana. Alipiga magoti kando ya kisima chake, shimo alilolichimba katikati ya mchanga. Akateka maji kwa kata, polepole, hadi debe likajaa. Wanawake wote wa kijiji walikuwa na visima vyao hapo hapo, penye njia ya kuvukia.

Asubuhi hiyo mikono yake iliteka maji, lakini moyo ulikuwa ng'ambo. Leo mwanawe Mutie angepeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Muthoki, upande wa pili wa mto. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishapokewa, msichana amekuwa mke. Wasipofika, hakuna mke. Na baba yake Muthoki, Mzee Kiilu, alikuwa mtu wa neno moja. Alikuwa amesema mbele ya wazee, "Jua likitua kabla sijawaona mbuzi, mtarudi nao kwenu."

Mumbua na wenzake watatu walianza safari baada ya chakula cha mchana. Mbuvi, shemeji yake Mumbua, alitangulia. Alikuwa mcheshi na mwenye haraka. Mutie aliwashika mbuzi kwa kamba. Nyuma yao alikuja jirani yao Billow, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini-mashariki. Yeye ndiye aliyewachagulia mbuzi hao. Maisha yake yote alikuwa amevusha mifugo kwenye mito ya mchanga.

Walipofika mtoni, Mbuvi alishuka moja kwa moja hadi visimani. Akaketi, akanawa miguu, akatoa viatu vyake kwenye mfuko. Hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya akienda ukweni. Huwezi kumfikia mkwe ukiwa na vumbi miguuni.

"Mzee Mbuvi, toka hapo," Billow alisema. "Nawia miguu kule ng'ambo, juu ya ukingo. Mto si baraza."

Mbuvi alicheka. "Wewe Billow, unaogopa mchanga? Hata wingu la kumfunika kuku hakuna!"

"Usitazame juu ya kichwa chako. Tazama kule Kilungu."

Mumbua aligeuka. Milima ya Kilungu ilikuwa imefunikwa na weusi mzito.

"Maji ya mto huu yanatoka kule," Billow alisema. "Mvua ikinyesha kule, maji hayatauliza kama huku kuna jua."

"Basi tuvuke upesi," alisema Mutie.

Hapo Mumbua alihisi upepo wa baridi kutoka juu ya mto. Ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa. Kisha akasikia ngurumo, kama malori mengi kwenye barabara ya Mombasa.

"Mbuvi, panda juu!" alipiga kelele. "Acha viatu! Panda!"

Mbuvi alikimbia na kiatu kimoja mguuni. Mara maji yakatokea kwenye kona, mekundu kama matofali, yamebeba povu, matawi na shina zima la mti. Visima vyote vikafunikwa. Kiatu cha pili kikaenda zake.

Hakuna aliyecheka tena.

Waliketi ukingoni. Jua lilianza kuelekea magharibi. Ng'ambo, Mzee Kiilu alitokea na watu wake. Alisimama ameegemea fimbo, akiwatazama. Nyuma yake Mumbua aliiona leso ya manjano ya Muthoki.

Baada ya muda kelele za maji zilipungua. Mbuvi alisimama. "Sasa yanafika kiunoni tu. Twendeni, jua linatuacha."

Mutie aliizungusha kamba ya mbuzi mkononi. "Mimi najua kuogelea. Nilijifunza bwawani."

"Bwawani maji yamelala," Billow alimwambia. "Haya yanatembea. Maji yanayokimbia yakipita goti, yanamwangusha mwanamume mzima. Na fungua hiyo kamba. Mbuzi akibebwa, na wewe utabebwa."

"Lakini Muthoki yuko pale! Mwaitu, mama yangu, mwambie!"

Mumbua alimtazama mwanawe, akalitazama jua. Alitamani sana kusema ndiyo. Ukoo wao wote ungechekwa. Lakini alipotazama maji, aliona bado yanaleta vijiti na majani.

"Hapana, Mutie," alisema. "Mke utamwoa ukiwa hai. Billow, tutajuaje kwamba mto umekubali?"

Billow alichomeka kijiti ukingoni, pale pale maji yalipoishia. "Maji yakikifunika kijiti, mto unapanda. Yakikiacha, unashuka. Yakileta takataka, bado kuna mengine nyuma. Tunangoja yashuke chini ya goti, na takataka ziishe. Na tunaendelea kuangalia Kilungu."

Walingoja. Maji yalikiacha kijiti. Billow akachomeka kingine chini zaidi, nacho kikaachwa. Juu ya Kilungu mbingu ilifunguka. Matawi yaliacha kupita.

"Sasa," alisema Billow, akakata fimbo ndefu. "Tupite kwenye njia yetu."

"Si kwenye njia!" alisema Mumbua. "Visima vyetu viko pale. Mchanga uliovijaza ni laini kama uji. Mtu atazama." Akaonyesha juu kidogo, mto ulipokuwa mpana. "Pale tulishindwa kuchimba. Chini ni mwamba."

Billow alimpa fimbo. "Basi wewe ndiye kiongozi, Mama Mutie."

Mumbua aliingia majini. Alichoma fimbo mbele kabla ya kila hatua. Kila mara iligonga mwamba. Maji yaliishia chini ya goti, wala hayakupanda zaidi. Nyuma yake walikuja wanaume, kila mmoja amebeba mbuzi mabegani, bila kamba mkononi.

Alipokanyaga ukingo wa pili, vigelegele vilipasuka. Jua lilikuwa bado juu ya miti!

Mzee Kiilu alimshika Mumbua mkono kwa mikono yake miwili. "Nilipomwona kijana anajifunga ile kamba mkononi," alisema, "niliomba Mungu amzuie. Ningekuwa na mbuzi wa nini, na maiti mlangoni?" Kisha akaitazama miguu ya Mbuvi. "Na huyu mkwe wa kiatu kimoja ni nani?"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Siku hiyo Muthoki akawa mke wa Mutie.

Wiki iliyofuata, kikundi cha mwethya cha wanawake kilikutana mtoni. Kwa kazi ya pamoja walihamisha visima mbali na njia, na wakaihamishia njia penye mwamba. Billow aliwasaidia kusimamisha nguzo chini ya kila ukingo, yenye alama nyekundu ya kuonyesha maji yanapofika gotini kwenye njia. Watoto walifundishwa kutocheza mchangani milima ikiwa myeusi. Waliokwenda ukweni sasa walinawia miguu juu ya ukingo.

Siku ya harusi ya kanisani ya Mutie na Muthoki, mto ulijaa tena. Bi harusi na kwaya ya kwao walikuwa bado ng'ambo. Hakuna aliyeingia majini. Waliimba wakiitazama nguzo, wimbo baada ya wimbo, huku kwaya ya upande huu ikiwajibu. Alama nyekundu ilipotokea, maji yakazidi kushuka na takataka zikaisha, Mumbua alishika fimbo yake akaenda kuwavusha. Wote walifika, na gauni la Muthoki lililowa pindo tu.