Fimbo ya Mzee Lemein

Mzee Lemein anafuga ng'ombe kumi na wawili nje ya Kitengela. Tangu ploti zizungushiwe ua, njia ya kwenda kisimani imekuwa ndefu. Ng'ombe walikuwa wakifika, wanakunywa, kisha wanamsubiri. Nyonga ya kulia ilimuuma kila alipokanyaga.

"Papa, niko na mnunuzi Kajiado," alisema mwanawe, Sironka. "Tuuze wote siku ya soko. Upumzike."

Mzee aliwageukia ng'ombe wake. Bila ng'ombe, angeamkia nini? Aliogopa sana.

Jioni hiyo jirani yao Evalyne alikuja kuchukua maziwa. Yeye huwahudumia hospitalini watu wenye maumivu ya viungo. Alimtazama mzee akija.

"Mzee, ni mguu gani unauma?"

"Wa kulia."

"Na fimbo umeishika mkono wa kulia pia?"

"Baba yangu alinifundisha hivyo. Kuishika na kushoto ni aibu."

Evalyne hakucheka. "Ukitembea, kila hatua kuna wakati unasimama na mguu mmoja. Ukisimama na wa kulia, mwili unataka kuangukia kushoto. Msuli wa kando ya nyonga unavuta kwa nguvu ndio usianguke. Huo mvuto pamoja na uzito wako, vyote vinakandamiza nyonga. Inaweza kubeba hata mara tatu ya uzito wako."

"Mara tatu," mzee alirudia polepole.

"Fimbo ikiwa kushoto, inashikilia ule upande unataka kuanguka. Msuli hauvuti sana, nyonga inapata nafuu. Fimbo na mguu mgonjwa viende mbele pamoja."

"Watu wa kisimani watasema nini?"

"Kwani ni wao wanaumwa?"

Mzee alijaribu hadi kwenye lango na kurudi. Maumivu yalikuwa yamepungua; macho yalimlowa.

"Lakini fimbo si dawa," Evalyne alimwambia. "Kesho uje hospitalini upigwe picha ya nyonga."

Picha ilionyesha nyonga imelika. Alipewa dawa na mazoezi ya kuimarisha misuli, akayafanya kila siku.

Baada ya mwezi mmoja, maumivu hayakuwa yameisha, ila mzee alifika kisimani pamoja na ng'ombe wake. Wazee wenzake waliitazama fimbo iliyokuwa mkono wa kushoto. Mjukuu wake Resian alikuja akainamisha kichwa ili asalimiwe kwa kuguswa na mkono wa kulia, kama ilivyo desturi. Mzee hakuhitaji kusimama ahamishe fimbo. Aliweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha mtoto, na hakuna aliyeuliza kitu.

Sironka alikuja na simu mkononi. "Papa, yule mnunuzi anauliza ng'ombe."

"Mwambie wamekunywa maji na wanarudi nyumbani," alisema mzee, akaanza kuwaswaga.