Taa za Boon Teck

Rafiki yangu Hwee Khim wa Penang hana subira na habari za mizimu, ndiyo maana nilimwamini aliponisimulia hili.

Mumewe, Boon Teck, alinunua taa za kampuni moja, swichi za nyingine, na vihisi vya kutambua mtu akipita vya kampuni ya tatu, ilimradi vimeshuka bei. Kisanduku kimoja kabatini ndicho kilichovifanya vielewane, kikipeleka agizo la kila swichi hadi kwenye taa yake. Alipofariki, taa ziliendelea kuwaka kwa mpangilio wake, na Hwee Khim hakuweza kuvumilia. Siku ya saba alimwita shemeji yake, Boon Keat, aje akiondoe kisanduku hicho.

"Leo roho ya mwanangu inarudi kuaga, nyie mnamzimia taa?" mama mkwe alinung'unika, akiweka mezani jikoni tambi za kamba alizozipenda marehemu.

"Mama, bila hiki, taa haziwasikii hata walio hai," Boon Keat alisema, akaondoka nacho.

Usiku ulipoingia, wanawake wale walijifungia vyumbani kama desturi inavyotaka, wasimchungulie anayerudi. Gizani, Hwee Khim alilia akijuta: alikuwa amefuta kitu cha mwisho ambacho mumewe alimpangia.

Ndipo swichi ya mlango mkubwa ikalia tak. Mwanga ukapenya chini ya mlango wake. Ikalia ya ukumbini, kisha ya jikoni, na huko mwanga ukakaa muda wa mtu kula. Halafu zikazimika moja moja, zikija upande wa chumba chake.

Taa ya kitandani, upande wa Boon Teck, ikawaka hafifu sana, kama alivyoitegesha zamani ili akichelewa kurudi asimwamshe mkewe.