Uso Niliokataa Kuutaja

Jua lilikuwa linazama nilipochukua kigae kwenda kupalia moto kwa Bi Mwanasha. Kwangu moto ulikuwa unawaka vizuri. Nilitaka tu sababu ya kuvuka njia iliyotenga shamba lake na letu.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya uhuru. Sisi Wakamba tuliopewa mashamba Shimba Hills miaka miwili nyuma tulikesha tukipiga madebe ili nguruwe mwitu wasimalize mahindi. Mume wangu, Mwanzia, alikuwa kazini Mombasa, kwa hiyo zamu yake niliikesha mimi. Nililala mchana, vipande vipande. Na katika usingizi huo wa mchana ndimo kitu kile kilimoanza kunijia.

Macho yangu wazi. Naona makuti ya paa, nasikia kuku uani. Lakini hata kidole hakinyanyuki. Kisha harufu... kama majivu yaliyomwagiwa maji. Kitanda kinalia. Kitu kinanikalia kifuani, kinainama taratibu, kinaniangalia.

Uso wa Bi Mwanasha.

Mara tatu. Mara ya tatu, adhuhuri ile, nilizinduka nikipiga mayowe, na shemeji yangu Maweu akaingia mbio.

"Umemwona nani?"

Nikavuta leso, nikajifunika uso.

"Mtaje tu mchawi huyo, Nthenya. Giza likiingia tutakuja kulichukua jina." Nje, wenzake wawili walikuwa wanatia mafuta ya taa ndani ya chupa.

Jina walilolingoja nililijua. Mwanamke wa Kidigo, mjane, anayeishi peke yake na kuzungumza na mbuzi wake. Lakini msimu wetu wa kwanza, tulipokuwa hatuna hata punje, ni yeye aliyetuletea mihogo.

Nilimkuta anafunga mbuzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Nikamwambia yote. Uso, harufu, chupa za mafuta. Hakukasirika. Alitandika mkeka ndani ya kibanda chake, akawasha koroboi.

"Lala hapa," akasema. "Mimi nitakushika mkono. Kikija, tutajua mimi niko wapi."

Niliogopa, sikatai. Lakini niliogopa zaidi kumtaja mtu nisiyekuwa na hakika naye. Nikalala. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya moto. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, na uchovu wa siku nyingi ukaniburuta chini kama jiwe.

Kisha macho yakafunguka.

Mwili haukufunguka.

Ile harufu... Koroboi ikafifia. Uzito ukapanda miguuni, tumboni, kifuani. Pumzi ikanibana. Uso ukashuka karibu na wangu, makunyanzi yale yale, kipini kile kile puani.

Na kushoto kwangu, bado ameshika mkono wangu, Bi Mwanasha alikuwa anasoma dua.

Walikuwa wawili.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Basi nikasema moyoni: Uso huo umeuiba. Simtaji mwenyewe! Nikae hapa mpaka nife, simtaji! Nguvu zangu zote nikazipeleka kwenye kidole kimoja tu, kile kilichokuwa mkononi mwa bibi. Kinyanyuke. Kinyanyuke...

Kikanyanyuka.

Kitu kile kikacheka bila sauti, kikaondoka kama moshi. Nikakaa kitako, jasho likinitiririka.

Hodi haikupigwa. Maweu, aliyenikosa nyumbani, alisimama mlangoni na mwenge, wenzake nyuma yake.

"Kimekuja?"

"Kimekuja."

"Ni huyu?"

Nikasimama mbele ya Bi Mwanasha. "Huyu alikuwa amenishika mkono. Ukitaka kuchoma, shemeji, anza na mimi. Kisha uende Mombasa ukamweleze Mwanzia."

Akaushusha mwenge. Wenzake wakaanza kurudi nyuma, mmoja mmoja. Mwishowe naye akatema mate chini, akawafuata.

Miezi kadhaa baadaye dresa wa zahanati alinieleza kwamba mtu asiyelala vya kutosha, akili yake huweza kuamka huku mwili ungali usingizini, na hofu ikajichorea sura. Nilimwamini. Ninamwamini hata leo. Lakini hakuwepo usiku ule, Maweu alipokwisha kwenda, Bi Mwanasha alipofunga mlango na kuketi karibu nami.

"Mwanangu," akanong'ona, "nami hunijia. Tangu mlipohamia hapa."

"Kitu kile kile?"

"Kile kile. Na harufu ile ile."

"Kina uso wa nani, bibi?"

Akanitazama, kisha akanishika shavu kwa kiganja chake, polepole, kama anayehakikisha.

"Wako."

"Na hukumwambia mtu? Miaka miwili?"

"Ningemwambia nani? Wangekufukuza." Akavuta mkeka wa pili, akautandika kando ya wangu. "Lala. Zamu hii wewe nishike mimi."