Kalibu Isiyoshika Kutu

Kungekuwa na kutu, Fundi Tupa asingeshtuka. Unga wa plastiki waliokuwa wakiukandamiza kiwandani kwa joto kutengeneza mishikio ya sufuria hutoa mvuke mkali, na mvuke huo hula chuma. Lakini kalibu aliyoichonga yeye, chuma chenye umbo la mshikio ambamo unga ulikandamizwa, ilikuwa imelika, tena ina mikwaruzo myembamba, na kutu yenyewe hata chembe. Nani anaiba kutu?

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimnong'oneza mdogo wake wa kike, mwendesha mashine ya kukandamizia. Alimlea mwenyewe tangu wazazi wao wafariki, na hakuwa na mwingine duniani. "Mlinzi anakwangua kalibu yangu. Yule simwamini hata akilala."

"Kaka, na wewe! Mlinzi mwenyewe akiona tupa anadhani ni kitana."

Hakucheka. Mchana, wote walipokwenda kula, alijibanza nyuma ya magunia ya unga. Mashine ilikuwa imezimwa, kalibu bado ya moto. Kwanza ikaja harufu ya sarafu iliyokaa mdomoni. Kisha akasikia ulimi, polepole, kama paka anayeramba sahani, na kila ulipopita chuma kilichemka chii, na alipochungulia hakuona mlinzi wala paka, ila mikwaruzo mipya ikijichora yenyewe, mmoja baada ya mwingine, huku kutu ikitoweka na kitu kikishusha pumzi ya shibe, hadi kengele ilipolia.

Hakumwambia mtu. Alimweleza bosi tu kwamba kalibu imechoka, akachagua chuma cha pua chenye kromu nyingi, madini yanayozuia kutu. Alikidondoshea maji ya chumvi siku tatu, kikang'aa vilevile. Akachonga kalibu mpya. Ile ya zamani akaikatakata, ikapelekwa kuyeyushwa.

"Sasa ramba, tuone," alisema, na moyo ukatulia.

Wiki mbili kalibu haikupata hata mkwaruzo. Bosi alimsifu mbele ya watu. Mdogo wake ndiye aliyeanza kushika ukuta akipanda ngazi.

"Nimetoka zahanati," alimwambia asubuhi moja, midomo imepauka. "Wanasema damu yangu imepungukiwa madini ya chuma."

"Tangu lini?"

"Tangu ulete kalibu yako nzuri. Halafu kaka, usinicheke. Mchana nikisafisha mashine, kuna kitu kinaniwasha hapa."

Akapandisha mkono wa blauzi. Ngozi ilikuwa na mikwaruzo myembamba iliyopangana, na ilinuka sarafu.

Fundi Tupa aliilaani akili yake. Alikusanya misumari yenye kutu, minyororo, hata tupa zake mwenyewe, akavirundika mezani pa mashine. Siku mbili hakuna kilichoguswa. Kile kirambaji kilishaonja kitamu zaidi.

Siku ya tatu mchana akamwinua mdogo wake kitini. "Nenda kale. Mashine naisafisha mimi."

"Na wewe hujala."

"Nitakula baadaye. Nenda, mama."

Alipobaki peke yake alikunja shati hadi begani, akalaza mkono karibu na kalibu inayong'aa.

"Mwache huyo," alinong'ona. "Kula hapa."

Harufu ya sarafu haikukawia.