Milioni Moja na Moja

Kitendawili hiki ni chako unayesoma: mbele nina moja, nyuma nina moja, na tumboni sufuri tano. Ukiacha moja na mimi mwenyewe, ni nani atanigawanya nisibakishe kitu?

Mwalimu Ndeti aliiandika nambari hiyo ubaoni siku ya Ijumaa, katika shule moja karibu na Kyuso: 1,000,001. "Atakayenijibu kwa jasho lake," alisema, "ndiye atakayekwenda mashindano ya hesabu kule Zombe."

Kaveke aliitaka nafasi hiyo kuliko viatu vipya. Jumamosi alikaa kivulini, ungo wa ndengu magotini, kitabu cha hesabu kando. Mbili haikufaa, maana nambari iliishia kwa moja. Tatu nayo ilikataa, kwa kuwa tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa mbili tu. Saba ikabakisha. Kumi na moja ikabakisha. Alipofika tisini na saba, mkono ukamuuma. Akaandika: "Haigawanyiki. Nimejaribu zote." Ndengu nazo akazichambua za juujuu, zile za chini akazimwaga sufuriani hivyo hivyo.

"Umemaliza, mwanangu?" aliuliza nyanya yake, Susu Nduku.

"Zote, Susu."

Jioni wakila, Kaveke aliuma kitu laini. Kikapasuka mdomoni, kichungu, kikanuka ghala. Akakitema kiganjani. Kilikuwa cheusi, kimevimba kwa mchuzi.

"Mavi ya panya!" alipiga kelele Kisilu, mdogo wake. "Tena ameyatafuna!"

Kaveke alitapika nyuma ya nyumba. Akasukutua, akasukutua tena, lakini kila alipomeza mate alihisi kile kitu kikipasuka upya.

Susu aliimwaga sufuria nzima shimoni. "Panya huleta magonjwa. Leo tutalala na uji. Ulichambua mpaka wapi?"

"Mpaka katikati, Susu."

"Aa! Uchafu ulikuwa unakungoja pale pale ulipochokea. Lakini kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba ulijua, ukanitazama machoni, ukaniambia zote."

Kaveke alifungua kitabu chake. Neno "zote" lilimkodolea macho, likamrudishia ule uchungu mdomoni. Akalifuta. Jumapili baada ya kanisa, akaendelea pale alipoachia.

Jumatatu, Mwalimu Ndeti aliuliza, "Haya, nani ameipata?"

"Mwalimu, hiyo haigawanyiki!" alisema Isnino, aliyeketi dawati moja na Kaveke. "Tumejaribu mpaka vidole vimekufa." Darasa likacheka.

Kaveke alisimama, masikio yakimchoma. "Hata mimi niliandika hivyo, Mwalimu. Nikaandika nimejaribu zote. Ilikuwa uongo. Niliishia tisini na saba."

Mwalimu aliiweka chaki mezani. "Kila mtu huchoka, Kaveke. Ukichoka, sema umechoka, upumzike, kisha urudi kazini. Anayesema amemaliza hawezi kurudi tena. Na wewe uliporudi, ulikuta nani?"

"Nilikuta mtoto aliyefanana na mamake, Mwalimu. Moja mbele, moja nyuma, ila tumboni sufuri ni moja tu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Mia moja na moja."